Kumuuguza Mgonjwa Nyumbani Baada ya Upasuaji wa Mtoto wa Jicho: Mwongozo kwa Familia za Mtwara na Lindi

Tangu mama yangu alipopasuliwa mtoto wa jicho, kwanza jicho la kulia na miezi michache baadaye la kushoto, nyumba yetu hapa Newala imekuwa mahali pa kuulizia. Mtu huja ameshika bahasha ndogo ya dawa yenye chupa mbili, babu au shangazi yake amerudi jana kutoka hospitali, na maswali huwa yale yale: aoge vipi, asali vipi, aende shambani lini, na kwa nini aendelee kutiwa matone ilhali ameshaanza kuona hata tundu la sindano. Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi, na sasa nimeona heri niyaandike mahali pamoja, ili anayemuuguza mzee wake Tandahimba, Nachingwea au Kilwa asilazimike kubahatisha.

Mimi si daktari. Haya ni mambo niliyoelekezwa na wauguzi na madaktari wa macho, kisha nikayafanya kwa mikono yangu mara mbili. Karatasi aliyopewa mgonjwa wako ikisema tofauti na maelezo haya, fuata karatasi, kwa sababu aliyeiandika amelitazama jicho lenyewe.

Jambo moja la kulielewa kabla ya mengine ni kwamba upasuaji wenyewe mara nyingi huisha ndani ya nusu saa, lakini jicho hupona nyumbani, kwa muda wa wiki nne hadi sita. Lenzi ya asili iliyoingia ukungu huondolewa, na mahali pake huwekwa lenzi bandia ambayo hukaa humo maisha yote. Mlango uliotumika kuipitisha ni kidonda kidogo pembeni mwa sehemu nyeusi ya jicho, chenye upana wa milimita chache tu, na mara nyingi hakishonwi kwa uzi. Hujifunga chenyewe kwa msukumo wa maji yaliyomo ndani ya jicho. Ukilielewa hilo, utaelewa kwa nini tunamkataza mgonjwa kufikicha jicho, kubeba mizigo na kujikamua, na kwa nini uchafu mdogo ambao jicho zima lingeutoa kwa machozi unaweza kuliharibu jicho hili.

Vitu vya kuandaa kabla mgonjwa hajafika nyumbani

Dawa na karatasi ya ratiba. Kabla hamjaondoka hospitali, mwombe muuguzi akutajie kila chupa ni ya nini, hutiwa mara ngapi kwa siku, kwa siku ngapi, na ipi hutikiswa kwanza. Andika majibu papo hapo. Uliza pia tarehe ya kurudi na namba ya simu ya kliniki. Kama upasuaji ulifanyika katika kambi ya macho iliyokuja wilayani kwa siku chache, swali hili ni zito zaidi, kwa sababu timu itakuwa imeondoka wakati mgonjwa wako akiwa bado anapona. Hakikisha unajua ni hospitali gani itakayompokea jicho likileta shida usiku wa Jumamosi.

Kikinga jicho, yaani kile kikombe kigumu cha plastiki chenye matundu, pamoja na plasta ya kukibandikia. Kikipotea au kikivunjika, rudi kliniki uombe kingine. Usijitengenezee cha kopo.

Miwani ya jua, au hata miwani ya kawaida, kwa ajili ya mwanga na vumbi la mchana.

Sabuni ya kunawia, ndoo safi yenye koki, pamba safi, na maji yaliyochemshwa na kupoa ndani ya chombo chenye mfuniko. Najua maji huku kwetu juu ya uwanda hayapatikani kirahisi, na wako wanaonunua kwa ndoo. Hata hivyo tenga lita chache kila siku kwa ajili ya mikono ya mtia dawa, na usizitumie kwa jambo jingine.

Kitanda kilicho mbali na jiko la kuni, chenye foronya iliyofuliwa. Mkeka sakafuni si mahali pazuri kwa wiki ya kwanza, kwa sababu watoto hupita wakirukaruka, kuku huingia, na kuinuka kutoka chini humlazimu mzee kuinama na kukaza mwili.

Nauli ya dharura. Iweke kando, kwenye bahasha yake, hata kama itabidi uuze kilo chache za mbaazi. Nimeona jicho likiharibika kwa sababu familia ilikaa siku tatu ikitafuta nauli ya kutoka kijijini.

Mwisho, korosho nne na vikombe viwili. Kazi yake nitaieleza katika hatua ya pili.

Hatua kwa hatua

1. Safari ya kurudi. Mara nyingi mgonjwa hulala hospitali au karibu nayo, na bandeji hufunguliwa kesho yake asubuhi na muuguzi. Usiifungue mwenyewe njiani kwa sababu ya kutaka kujua kama anaona. Akishafunguliwa na kuruhusiwa, mkalishe ndani ya basi upande ambao dirisha linafungika, avae miwani, na jicho lililopasuliwa lisielekee upepo. Kwa kipande cha mwisho cha kutoka barabarani hadi nyumbani, bajaji ni bora kuliko bodaboda. Kama bodaboda ndiyo pekee, avae miwani inayoziba pembeni, dereva aende polepole, na msubiri gari lililo mbele yenu lipotee na vumbi lake litulie.

2. Mteue mtia dawa mmoja. Nasisitiza mmoja. Nyumba yenye watu wanane wanaompenda bibi ni nyumba ambayo kila mmoja hudhani mwenzake ameshamtia. Mtu huyo awe na mikono isiyotetemeka, awepo nyumbani asubuhi na jioni, na akiwa na udhuru amfundishe mwingine mbele ya mgonjwa. Kama karatasi inasema mara nne kwa siku, gawa siku hivi: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni na saa 3 usiku. Sisi tuliweka korosho nne katika kikombe cha kushoto kila alfajiri. Kila mama alipotiwa dawa, alihamisha korosho moja kwa mkono wake kwenda kikombe cha kulia. Hakuwa anasoma, lakini alijua kuliko mimi kama dawa ya mchana imepita, na mara mbili alinikumbusha akinionyesha korosho iliyobaki. Kama chupa ni mbili na zinafanana, funga uzi mwekundu shingoni mwa ile inayotiwa mara nyingi zaidi.

3. Kutia matone. Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa hiyo nitaeleza taratibu.

Nawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viganja vyote na kati ya vidole, kisha iache ikauke kwa hewa. Usiifute kwa kanga uliyojifunga. Mlaze mgonjwa chali, au mkalishe kwenye kiti na kichwa akiegemeze ukutani. Tikisa chupa kama ulivyoelekezwa, kwa sababu baadhi ya dawa za kutuliza uvimbe hutuama chini, na usipoitikisa utamtia maji matupu kwa wiki nzima na kumaliza chupa kwa dozi nzito. Mwambie atazame juu, kwenye boriti ya dari. Kwa kidole kimoja, vuta chini ngozi iliyo chini ya kope la chini, ukigusa mfupa wa shavu na si jicho, mpaka kope lifanye kimfuko. Shika chupa juu ya kimfuko hicho kwa umbali wa upana wa kidole kimoja au kidogo zaidi, na udondoshe tone moja. Tone moja linatosha, kwani jicho haliwezi kuhifadhi zaidi ya hilo, na yanayozidi hutiririka shavuni. Mdomo wa chupa usiguse kope, ukope wala kidole.

Akishapata tone, afumbe jicho taratibu kama anayesinzia, bila kulikaza. Mwekee ncha ya kidole safi kwenye kona ya jicho iliyo upande wa pua, ukibonyeza kidogo sana kwa dakika moja au mbili, ili dawa isiteremke kooni. Uchungu ule ambao wazee hulalamika kuuonja ulimini hutokana na dawa iliyopita njia hiyo. Kabla ya chupa ya pili subiri dakika tano, maana ukiharakisha, tone la pili huliosha la kwanza.

Mama yangu siku ya kwanza alikaza kope hata nisiweze kulivuta. Muuguzi alitufundisha njia nyingine: mgonjwa alale chali akiwa amefumba macho, tone liwekwe kwenye kona ya ndani karibu na pua, kisha afumbue polepole na dawa itaingia yenyewe. Tulitumia njia hiyo kwa siku tatu, na hofu yake ilipoisha tukarudi kwenye njia ya kawaida.

Funika chupa mara moja. Ihifadhi mahali penye baridi na giza kiasi, kama karibu na mtungi wa maji, na si dirishani wala chini ya bati linalopigwa na jua. Chupa ikitimiza wiki nne tangu ifunguliwe, haifai tena, hata kama imebaki nusu.

4. Kusafisha kope. Asubuhi huenda ukope ukawa umegandamana kwa tongotongo. Lowesha pamba kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, ikamue, kisha pangusa kope lililofumbwa kutoka upande wa pua kwenda nje mara moja tu, na uitupe. Kama bado kuna uchafu, chukua pamba nyingine. Usibonyeze, na usijaribu kuondoa kitu kilicho ndani ya jicho.

5. Usiku. Kila anapolala, hata usingizi wa mchana, avae kikinga jicho kwa wiki ya kwanza, na kama umeelekezwa, kwa wiki mbili. Mtu aliyelala hajui mkono wake unakwenda wapi. Plasta ishike kwenye paji la uso na shavuni, na kikinga kikae juu ya mfupa bila kuligusa jicho. Alale chali au kwa upande wa jicho lisilopasuliwa. Kila siku kioshe kwa sabuni na ukikaushe. Watoto wadogo wasilale naye kitanda kimoja kwa muda huo. Najua jambo hili huwauma mabibi na wajukuu kwa pamoja, lakini teke la mtoto wa miaka miwili usiku ni zito.

6. Kuoga na ibada. Kuanzia siku ya pili anaweza kuoga kwa kujimwagia maji kuanzia shingoni kwenda chini. Uso upanguswe kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa, ukiliepuka jicho. Nywele zioshwe na mtu mwingine, mgonjwa akiwa ameinamisha kichwa nyuma, na sabuni isitiririke mbele. Maji ya bwawani, mtoni au baharini yasiingie jichoni kwa mwezi mmoja angalau. Mvuvi wa Mikindani au Msimbati akubali kukaa nchi kavu.

Kwa Waislamu, swali la udhu na sujudu huja siku ile ile ya kwanza. Kitabibu, maji yasiyo salama yasiingie jichoni, na katika siku za mwanzo paji la uso lisishuke chini kuliko kiuno. Dini inazo ruhusa zake kwa mgonjwa, ikiwa ni pamoja na kusali kwa kukaa na kuashiria. Mwendee shehe wa msikiti wenu mapema akueleze namna ya udhu. Kuhusu Ramadhani, wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, hawahesabu kwamba dawa inayotiwa jichoni inafunguza. Sijaona sababu ya mzee kukosa dozi ya mchana kwa ajili ya saumu.

7. Chakula, choo na kikohozi. Hakuna chakula kilichokatazwa. Samaki haliozeshi jicho, na mayai hayaleti usaha. Ale ugali wake, kisamvu, mbaazi na papai. Tunachotaka ni choo laini, ili asijikamue, kwa hiyo anywe maji ya kutosha na ale mboga. Kuchutama kwenye choo cha shimo hakuna ubaya, mradi asikaze pumzi. Akiwa na kikohozi kikali, apelekwe atibiwe. Anayetumia ugoro aache kabisa kwa mwezi huo, maana chafya kumi mfululizo za ugoro ni kishindo ambacho kidonda kibichi hakikihitaji. Chafya ya kawaida ikimjia, asiizuie kwa kubana pua. Afungue mdomo aiachie. Mwenye kisukari au shinikizo la damu aendelee na dawa zake zote kama kawaida, kwa sababu sukari iliyopanda huchelewesha kupona na hukaribisha maambukizi.

8. Kazi. Kutembea uani, kuzungumza na wageni, kucheza bao, kusikiliza redio na kutazama televisheni vyote vinaruhusiwa tangu mwanzo. Kutazama hakulichoshi jicho kwa namna ya kulidhuru. Kinachokatazwa ni uzito, kuinama kwa muda mrefu, moshi na vumbi. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20, na kuibeba kichwani, kutwanga kwenye kinu, kupasua kuni au kulima visubiri wiki nne, au mpaka daktari aruhusu. Kupuliza moto kwa mdomo kwenye mafiga kusubiri pia.

Kisha liko suala la korosho, ambalo kwa kusini yetu halikwepeki. Salfa ya unga inayopulizwa mikoroshoni kuanzia karibu na mwezi wa 5 au wa 6 ni adui mkubwa wa jicho lililopasuliwa, na haichagui mpaka wa shamba. Mgonjwa asipulize, asishike mashine, asifue nguo za waliopuliza, na kama jirani anapuliza asubuhi yenye upepo, mwingize ndani na ufunge madirisha. Waliotoka shambani waoge na wabadili nguo kabla ya kumsogelea. Wakati wa mavuno, kuokota ni kuinama kutwa nzima, na kubangua ni hatari zaidi, kwani mafuta ya ganda huchoma hata ngozi ya mikono. Watu huniuliza ni mwezi gani unafaa kwa upasuaji. Kalenda ya mkulima wetu haina mwezi mtupu: kuna palizi, kuna mavuno ya chakula, kuna salfa, kuna korosho. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba nafasi ikipatikana msiiahirishe. Tafuteni ndugu au kibarua wa kushika zamu ya mzee kwa wiki sita.

Ngoma za unyago nazo hufanyika wakati wa kiangazi, katika uwanja wenye vumbi. Kungwi aliyepasuliwa wiki iliyopita apelekewe salamu nyumbani.

9. Kurudi kliniki. Kwa kawaida jicho hutazamwa kesho yake baada ya upasuaji, tena baada ya takriban wiki moja, na tena kati ya wiki ya nne na ya sita. Nenda hata kama mgonjwa anaona vizuri kabisa, kwa sababu presha ya jicho inaweza kupanda bila yeye kuhisi chochote. Beba chupa zote, karatasi na kadi. Wengi huku hurudi walikopasuliwa, iwe ni hospitali ya rufaa ya mkoa Ligula au Sokoine, hospitali ya misheni kama Ndanda au Nyangao, au kwingineko. Piga simu kwanza uulize siku ya kliniki ya macho, usije ukafika siku ambayo mtaalamu hayupo.

10. Kumaliza dawa na kupata miwani. Dawa ya kutuliza uvimbe mara nyingi hupunguzwa hatua kwa hatua, kwa mfano kutoka mara nne hadi tatu, mbili, kisha moja kwa siku, na haikatwi ghafla. Miwani ya kusomea hupimwa jicho likishatulia, kwa kawaida baada ya wiki nne hadi sita. Ukimnunulia ya mnadani wiki ya pili utakuwa umetupa fedha, kwani uoni wake bado unabadilika.

Makosa ninayokutana nayo zaidi

La kwanza na kubwa ni kukatisha dawa kwa sababu mgonjwa anaona. Lilitupata wenyewe. Siku ya tisa nilikwenda Mtwara mjini kwenye msiba, nikakaa siku nne, na mama akamwambia mdogo wangu kwamba jicho limepona, chupa ziwekwe. Niliporudi jicho lilikuwa jekundu na hakutaka kutazama mlangoni kwa sababu ya mwanga. Tuliondoka usiku huo huo. Uvimbe wa ndani ulikuwa umerudi, na ilibidi atiwe dawa kila saa kwa siku kadhaa kabla haujatulia. Nilikuwa nimemteua mtia dawa, lakini sikumweleza aliyeshika zamu yangu kwa nini dawa iendelee.

La pili ni kinyume chake, yaani kuendelea na matone kwa miezi, au kumpa jirani mwenye macho mekundu. Dawa hizi nyingi zina steroidi, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe, na zikitumika bila usimamizi huweza kupandisha presha ya jicho na kuua mshipa wa kuonea. Uharibifu huo haurudishwi.

La tatu ni dawa za kienyeji: asali, maji ya majani, maziwa ya mama, wanja, maji ya chumvi yaliyochanganywa nyumbani. Sina ugomvi na mitishamba ya wazee wetu kwa mambo mengine. Jicho lenye kidonda linahitaji kitu kisicho na kijidudu hata kimoja, na hakuna jiko la nyumbani linaloweza kukitengeneza.

La nne ni kuchanganya chupa. Jioni moja nilipeleka mkono dirishani pasipo taa, nikashika kichupa kidogo chenye kifuniko chembamba, na kabla sijakifungua nikahisi kimenata vidoleni. Kilikuwa gundi ya supaglu, aliyoiacha mpwa wangu baada ya kubandika kandambili. Tangu siku ile dawa za mama zilikaa ndani ya kopo lake lenye mfuniko, na kila mara nilizisoma kwenye mwanga kabla ya kuzifungua.

Shida zikijitokeza

Anahisi kama kuna mchanga, jicho linatoa machozi, na mwanga unamkera. Katika siku za mwanzo hayo ni ya kawaida na hupungua siku hadi siku. Avae miwani, asifikiche, na kwa maumivu madogo anaweza kumeza panado kwa kipimo chake.

Sehemu nyeupe ina doa jekundu la damu. Kama hakuna maumivu na uoni haujashuka, huwa ni damu iliyovuja chini ya ngozi nyembamba ya jicho, nayo huisha ndani ya wiki mbili au tatu. Lionyeshe siku ya kliniki.

Anaona vitu vina rangi ya bluu au vimeng'aa kupita kiasi. Lenzi ya zamani ilikuwa imegeuka manjano au kahawia, na ubongo ulishaizoea. Atazoea tena.

Anakosea ngazi au anamwaga chai pembeni mwa kikombe. Jicho moja linaona vizuri na jingine bado lina ukungu, hivyo kupima umbali ni kazi. Mshike mkono kwenye vizingiti na ngazi, ondoa vigoda njiani, na asiendeshe baiskeli wala pikipiki mpaka daktari ampime.

Tone limedondoka shavuni. Tia jingine. Umesahau dozi? Itie unapokumbuka, na kama dozi inayofuata imekaribia sana, subiri hiyo. Usitie mara mbili kwa pamoja ili kufidia.

Dawa imeisha kabla ya tarehe. Piga simu kliniki, au peleka chupa tupu duka la dawa muhimu au famasi ili wasome jina lake. Usikubali kupewa nyingine yoyote ya macho kwa sababu tu ndiyo iliyopo.

Jicho limegongwa na mtoto, mbuzi au tawi. Usilioshe na usilibonyeze. Mvishe kikinga na mwende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anasema hasikii maumivu.

Maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, uoni uliokuwa mzuri kisha ukashuka, wekundu unaozidi, kope kuvimba, usaha, maumivu makali ya kichwa pamoja na kutapika, mwako kama wa radi, vidoa vyeusi vingi vilivyozuka ghafla, au kivuli kama pazia linaloshuka upande mmoja: kwa lolote kati ya haya, mwende leo, si kesho. Maambukizi ya ndani ya jicho mara nyingi huanza ndani ya wiki ya kwanza, na yanaweza kulimaliza jicho kwa saa chache. Ukiwa mbali, kama Liwale ndani au vijiji vya bonde la Ruvuma, ondoka kwa usafiri wa kwanza unaopatikana, na ukiwa njiani piga simu ili waandae mtaalamu. Hapo ndipo ile bahasha ya nauli hufunguliwa.

Miezi au miaka imepita, na ukungu umerudi polepole bila maumivu wala wekundu. Watu husema mtoto wa jicho ameota upya. Mtoto wa jicho haoti juu ya lenzi bandia. Kinachotokea ni kwamba utando mwembamba ulioachwa nyuma ya lenzi ili kuishikilia umeingia ukungu. Hutibiwa kwa mwanga wa leza, kwa dakika chache, mgonjwa akiwa ameketi na bila kisu. Mpeleke kliniki ya macho apimwe, na uulize ni hospitali ipi iliyo karibu yenye mashine hiyo kabla hamjafunga safari.